Hassan Fathy na Siri ya Ua: Maisha ya Msanifu wa Nyumba za Udongo

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Methali hii aghalabu huitumia tunapojadili lugha, mavazi na adabu, na ni nadra kuitumia tunapozungumzia kuta na mapaa. Hata hivyo, nyumba nayo ni mila. Ndani yake mna fikra za waliotutangulia kuhusu jua, upepo, mgeni, jirani na heshima ya jamaa. Yeyote aliyewahi kuketi saa nane za mchana katika darasa lililoezekwa kwa mabati, lisilo na dari, anajua jinsi nyumba iliyojengwa bila fikra hizo inavyoweza kumwadhibu aliyemo.

Makala haya yanasimulia maisha ya Hassan Fathy, msanifu majengo wa Misri aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki mwaka 1989. Sehemu kubwa ya umri wake aliitumia kutafuta jibu la swali moja: je, maskini wa nchi ya joto atapataje nyumba nzuri, yenye ubaridi, asiyolazimika kununua kila kitu chake dukani? Jibu alilolipata halikutoka katika vitabu vya chuoni. Alilipata katika udongo, katika mikono ya mafundi wasiojulikana, na katika ua, yaani ule uwanja mdogo ulio wazi katikati ya nyumba za kale za Waarabu.

Msomaji huenda akauliza maisha ya msanifu majengo yana uhusiano gani na jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Uhusiano upo, nao utabainika kadiri masimulizi yatakavyoendelea. Itoshe kwa sasa kusema kwamba Fathy aligundua jambo ambalo mtafiti yeyote wa fasihi simulizi analifahamu: kuna maarifa yaliyohifadhiwa na watu wasioandika, na maarifa hayo hufa pindi anapokufa wa mwisho mwenye kuyajua.

Utoto wa mjini na ndoto ya shamba

Hassan Fathy alizaliwa katika mji wa Alexandria tarehe 23 Machi, 1900, katika jamaa yenye uwezo. Babake alimiliki mashamba, lakini hakupenda kwenda huko. Kwake yeye, shamba lilikuwa mahali pa nzi, maji machafu na maradhi. Mamake, kinyume chake, aliwahi kuishi mashambani alipokuwa mtoto, na kumbukumbu za maisha hayo hazikumtoka moyoni. Aliwasimulia wanawe habari za wanyama, za mimea na za watu waliojitosheleza kwa kila walichohitaji. Hivyo basi, mtoto huyu alikua akiwa na picha mbili za shamba zinazopingana: moja ya uchafu na nyingine ya pepo.

Kutokana na masimulizi ya mamake, Fathy alitamani kusomea kilimo. Mtihani wa kuingia katika chuo cha kilimo ulimshinda, akageukia usanifu majengo. Alihitimu mwaka 1926 katika chuo kikuu cha Cairo. Mafunzo aliyoyapata yalikuwa ya Kizungu kwa kila hali. Mwanafunzi alijifunza mitindo ya Ugiriki, Roma na Ufaransa, ilhali nyumba za mtaa wa pili kutoka chuoni, zilizokuwa na umri wa mamia ya miaka, hazikufundishwa kama jambo lenye thamani.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba alipokanyaga shamba la jamaa yake kwa mara ya kwanza. Alichokiona hakikuwa pepo ya mamake. Vibanda vya wakulima vilikuwa vifupi, vyenye giza na vichafu. Karibu na wakati huo alitumwa pia kusimamia ujenzi wa shule katika mji mdogo wa Talkha, katika eneo la Delta, na hali ya watu aliyoiona mitaani ilimkera hata akawa anazunguka mbali ili asipite katikati yake. Tangu hapo swali la makao ya maskini halikumpa usingizi. Kuanzia mwaka 1930 alifundisha katika chuo cha sanaa mjini Cairo, na mwaka 1937 alifanya maonyesho ya michoro yake ya nyumba za mashambani zilizobuniwa kujengwa kwa matofali ya udongo usiochomwa. Wengi walishangaa: udongo ulikuwa alama ya ufukara, na huyu alikuwa mtoto wa tajiri.

Paa lililoanguka

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mbao na chuma viliadimika nchini Misri, kwa kuwa vyote viliagizwa kutoka ng'ambo. Mwaka 1941 Fathy alipewa kazi ya kujenga nyumba katika shamba la majaribio huko Bahtim, kaskazini ya Cairo. Kuta hazikuwa tatizo. Udongo ulikuwepo tele, na mkulima wa Misri amekuwa akifyatua matofali ya udongo na majani makavu tangu enzi za Mafirauni. Tatizo lilikuwa paa. Utaezekaje nyumba usipokuwa na boriti?

Wazo lililomjia lilikuwa kujenga paa kwa matofali yale yale, likipindwa kwa umbo la tao. Lakini tao la kawaida hujengwa juu ya kiunzi cha mbao kinacholishikilia mpaka likauke, na mbao ndizo zilizokosekana. Alijaribu bila kiunzi, mapaa yakaporomoka. Aliyejaribu akashindwa mbele ya watu ndiye ajuaye uchungu wa siku kama hiyo.

Hapo ndipo ndugu yake, aliyekuwa akifanya kazi Aswan, alipomweleza kuwa Wanubi wa huko huezeka nyumba na misikiti yao kwa matao ya matofali bila kutumia kiunzi chochote. Fathy alifunga safari. Katika kijiji cha Gharb Aswan aliona mtaa mzima wa nyumba ndefu, safi, zilizopakwa rangi na kupambwa, zote za udongo na zote zikiwa na mapaa ya matao. Alipotembelea mahali palipokuwa pakihifadhiwa nafaka nyuma ya hekalu la Ramesi wa Pili, karibu na Luxor, aliyakuta matao ya aina ile ile, ya udongo ule ule, yakiwa bado yamesimama baada ya zaidi ya miaka elfu tatu. Chuo kikuu kilichomhitimisha hakikuwahi kumtajia jambo hilo.

Mbinu ya Wanubi ni rahisi kuieleza japo si rahisi kuitenda. Fundi husimamisha kwanza ukuta wa mwisho wa chumba hadi juu zaidi ya kuta za kando. Juu ya ukuta huo huchora tao kwa udongo. Kisha hupanga safu ya kwanza ya matofali mepesi, yaliyochanganywa na majani mengi, yakiegemea ukuta huo kwa mshazari. Kila tofali lina michirizi iliyokwaruzwa kwa vidole, ili lishikane na udongo wa kulibandikia. Safu ya pili huegemea ya kwanza, ya tatu huegemea ya pili, na kwa hiyo hakuna wakati ambapo tofali huning'inia pasi na kitu cha kuliegemea. Mafundi wawili huweza kuezeka chumba kwa muda usiofika siku mbili, bila mchoro na bila ubao. Fathy aliwachukua mafundi hao hadi kaskazini, nao wakaezeka kwa ufanisi kile ambacho mhitimu wa chuo kikuu alikuwa ameshindwa nacho. Tangu siku hiyo aliwahesabu kuwa walimu wake.

Siri ya ua

Pamoja na paa la tao, Fathy alianza kuzichunguza kwa makini nyumba za kale za Cairo zilizojengwa na wafanyabiashara na wakuu wa zama za Wamamluki na za Waturuki. Mfano mashuhuri ni nyumba iitwayo Bayt al-Suhaymi, ambayo sehemu yake ya kwanza ilijengwa mwaka 1648. Jambo lililomshangaza ni kuwa nyumba hizi, bila umeme wala mashine, hubaki na ubaridi hata pale barabara ya nje inapochoma nyayo. Inafaa tueleze hatua kwa hatua jinsi hali hii inavyotokea, kwa maana ndicho kiini cha fikra zake.

Tuanze na usiku. Katika nchi kavu kama Misri, anga la usiku halina mawingu, na mvuke hewani ni mchache. Mapaa na sakafu ya ua, vilivyopata moto mchana kutwa, hulitoa joto lao kuelekea anga hilo lililo wazi, vikapoa upesi. Hewa inayovigusa nayo hupoa. Na kwa kuwa hewa baridi ni nzito kuliko hewa moto, huteremka na kutuama uani mithili ya maji katika kisima, kisha hujipenyeza taratibu katika vyumba vinavyouzunguka ua huo.

Kukipambazuka, jua huwa bado liko chini, na kuta ndefu za nyumba huutilia ua kivuli. Upepo wa moto upitao juu ya mapaa hauwezi kuingia ndani moja kwa moja. Hupita juu na kuiacha ile hewa baridi imetulia chini kama ilivyokuwa. Hivyo nyumba huishi kwa akiba ya usiku hadi mchana unapokomaa. Jua linapofika utosini, sakafu ya ua huanza kupata moto, lakini hapo kuta nene za mawe au udongo zinafanya kazi yao. Joto huchukua saa nyingi kuuvuka ukuta mnene. Linapokaribia kutokea upande wa ndani, usiku umekwisha kuingia na anga limeanza tena kuipoza nyumba.

Ua haukufanya kazi peke yake. Kulikuwa na takhtabushi, yaani baraza yenye paa iliyowekwa kati ya nyua mbili, mmoja mdogo wenye kivuli na mwingine mkubwa wenye jua. Hewa ya ua mkubwa ikishapata moto hupanda juu, na nafasi yake huchukuliwa na hewa baridi inayovutwa kutoka ua mdogo kupitia barazani. Aliyeketi hapo hupata upepo mwanana hata siku ambayo jani halitikisiki. Kulikuwa pia na malkafu, ambao ni mnara mfupi uliotokeza juu ya paa na kuuelekezea mdomo upepo wa kaskazini. Juu huko upepo una kasi zaidi na vumbi chache. Mnara huudaka na kuusukuma chini hadi ukumbini, huku hewa moto ikitokea kwenye matundu yaliyo juu kabisa ya dari. Ukumbi wa Muhibb al-Din, uliojengwa Cairo katika karne ya 14, ulikuwa mojawapo ya mifano aliyoipenda kuirejelea.

Hatimaye kulikuwa na mashrabia, yale madirisha ya vijiti vya mbao vilivyochongwa na kuunganishwa mfano wa wavu. Mashrabia hupunguza ukali wa mwanga, huruhusu upepo, na humwezesha aliye ndani kuona nje pasi na yeye kuonekana. Jina lenyewe linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunywa, kwa sababu mitungi ya maji iliwekwa hapo ili upepo uipoze. Mwanafunzi wa Kiswahili hatakosa kuona kuwa mzizi huo huo ndio uliotuletea neno sharubati. Mtungi wa udongo unaovuja jasho hupoza maji yaliyomo, na upepo upitao juu yake huingia chumbani ukiwa umepoa.

Kwa Fathy, ua haukuwa chombo cha kupozea nyumba tu. Aliuona kama kipande cha anga alichomilikishwa mwenye nyumba. Mkaazi wa jangwa, ambaye nje kwake kuna mchanga na dhoruba, huipa nchi kisogo na kuufungulia moyo wake juu, mahali penye nyota. Fikra hii ilikuwa ya kishairi, na hapana ajabu, kwani mtu huyu alipiga fidla, alichora kwa rangi, na alitunga hadithi na mchezo wa kuigiza.

Gourna: ndoto na mtihani

Katika ukingo wa magharibi wa mto Nile, mkabala na Luxor, kulikuwa na kijiji cha Gourna. Watu wapatao 7,000 walikuwa wamejenga nyumba zao juu ya makaburi ya wakuu wa Misri ya kale, na baadhi yao waliishi kwa kuyafukua na kuuza yaliyomo. Kipande kizima cha mchongo wa ukutani kilipoibwa, Idara ya Mambo ya Kale iliamua kuwahamisha wote. Mwaka 1945 Fathy alipewa kazi ya kuwajengea kijiji kipya katika shamba la bondeni.

Hii ilikuwa fursa aliyoisubiri. Aliwaleta mafundi wa Kinubi wawafundishe vijana wa Gourna. Alikataa kuzipanga nyumba kwa mistari iliyonyooka kama kambi ya jeshi. Badala yake alizikusanya kwa kufuata koo, kila ukoo ukiwa na uwanja wake wa pamoja ambako watu wangekutana kwa arusi na matanga. Kila nyumba ilikuwa na ua wake. Kila familia ilikusudiwa kupata nyumba yenye umbo lake. Alijenga msikiti, soko, shule, ukumbi wa maonyesho na mahali pa kufundishia ufundi. Aliamini kuwa mtu mmoja hawezi kujijengea nyumba peke yake, bali watu kumi wakishikana mikono wanaweza kujijengea nyumba kumi. Msomaji wa Kenya ataitambua mara moja roho ya harambee.

Hata hivyo, mambo hayakwenda alivyotarajia. Watendaji wa serikali walichelewesha fedha, vifaa na ruhusa. Wakandarasi hawakuupenda mradi ambao haukuwapa faida. Wanakijiji nao hawakutaka kuhama, kwa kuwa kuhama kulimaanisha kuachana na riziki yao. Ilifika hatua ambapo ukingo uliozuia maji ulitobolewa ili kijiji kipya kifurike. Isitoshe, kuba alizoziona Fathy kuwa fahari ya ujenzi wa udongo ziliwakumbusha wengi maziara ya mawalii na makaburi. Nasi katika Kiswahili neno kuba hubeba maana hizo mbili, ya paa la mviringo na ya kaburi lililojengewa. Laiti msanifu angalizingatia ushairi wa neno hilo kama alivyozingatia wepesi wa umbo lake. Kufikia mwaka 1948 kazi ilisimama, na sehemu ndogo tu ya nyumba zilizokusudiwa ilikuwa imekamilika. Watu wengi wa Gourna walibaki juu ya makaburi yao.

Je, alishindwa? Ni swali ambalo wahakiki wamelijadili tangu wakati huo. Wapo waonao kuwa serikali na urasimu ndio waliomwangusha. Wapo pia wasemao kuwa yeye mwenyewe, mwana wa tajiri kutoka mjini, aliwabunia wakulima mila iliyokuwa nzuri machoni pake kuliko machoni pao. Kwamba aliwauliza kuhusu vyumba na nyua, lakini swali la kwanza, kama wanataka kuhama au la, lilikuwa limekwisha kujibiwa na wengine. Kwa maoni yangu, hoja hii ya pili haina budi kukubaliwa, ijapokuwa haiondoi thamani ya alichokijenga. Hekima ya jadi ikitolewa kwa amri hugeuka kuwa mzigo.

Uhamisho, kurejea na sifa za uzeeni

Mwaka 1957 Fathy aliondoka Misri akaenda Athens, Ugiriki, kufanya kazi katika kampuni ya mpangaji miji Constantinos Doxiadis. Alishughulikia miradi ya makao nchini Iraki na alisafiri katika nchi kadhaa za Afrika kuchunguza miji. Alirejea Cairo mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mwaka 1964 alipata nafasi ya kuthibitisha hoja yake kwa vipimo. Katika kituo cha utafiti wa ujenzi mjini Cairo vilijengwa vibanda vya majaribio kwa vifaa tofauti. Katika kibanda cha matofali ya udongo chenye paa la tao na kuba, joto la ndani halikubadilika kwa zaidi ya nyuzi 2 za Selsiasi usiku na mchana. Katika kibanda cha zege lililoundwa kiwandani, joto lilipanda hadi nyuzi 36, yaani nyuzi 13 zaidi ya lile la kibanda cha udongo. Kifaa kilichosifiwa kuwa cha kisasa kilikuwa kinampika mkaazi wake, na kile kilichodharauliwa kuwa cha kishamba kilikuwa kinamstarehesha.

Baadaye alianza kujenga kijiji cha Baris katika oasisi ya Kharga, katikati ya jangwa. Soko la kijiji hicho lilikuwa na minara ya kudaka upepo iliyopoza ghala za chini ili mboga zisiharibike. Vita vya Juni 1967 vilikatiza kazi hiyo, nayo haikukamilika.

Kile ambacho matofali hayakukitimiza, kalamu ilikitimiza. Mwaka 1969 alichapisha mjini Cairo kitabu kuhusu kisa cha Gourna, na mwaka 1973 kikachapishwa upya Marekani kwa jina lenye maana ya usanifu majengo kwa ajili ya maskini. Wakati huo bei ya mafuta ilipanda ghafla ulimwenguni, na watu waliozoea kupoza nyumba kwa mashine walianza kutafuta njia nyingine. Jina la Fathy likaenea. Mwaka 1980 alipewa Tuzo ya Mwenyekiti ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, na mwaka huo huo akawa miongoni mwa watu wa kwanza kupokea tuzo ya Right Livelihood. Alialikwa hadi New Mexico, Marekani, ambako yeye na mafundi wa Kinubi walijenga msikiti wa udongo wa jumuiya ya Dar al-Islam. Mwaka 1984 alitunukiwa nishani ya dhahabu na muungano wa kimataifa wa wasanifu majengo.

Lakini ndani ya sifa hizo mlikuwa na kejeli ya majaliwa. Wengi waliomwajiri miaka ya mwisho walikuwa watu wenye uwezo, waliotaka nyumba ya udongo kwa sababu ya uzuri wake, ilhali maskini aliyekusudiwa alikuwa akijitahidi kununua saruji. Fathy aliishi uzeeni katika nyumba ya kale katika mtaa wa Darb al-Labbana, karibu na Ngome ya Cairo, akiwa na vitabu, paka wengi na wanafunzi waliomjia kutoka pembe zote za dunia. Huko Cairo ndiko alikofariki tarehe 30 Novemba, 1989.

Kijiji chake cha Gourna kiliendelea kuzeeka. Baada ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, maji ya ardhini yalipanda na chumvi ikaila misingi ya kuta. Wakaazi wengi walibomoa kuba na kuongeza ghorofa za zege kadiri jamaa zao zilivyokua. Mwaka 2010 kijiji hicho kiliwekwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini ya Mfuko wa Kumbukumbu za Dunia, na UNESCO nayo imeshiriki katika juhudi za kukihifadhi. Gourna ya zamani, ile ya juu ya makaburi, ilibomolewa kwa sehemu kubwa kuanzia Desemba 2006. Hivyo, yale aliyoshindwa kuyatimiza msanifu kwa kushawishi yalitimizwa hatimaye kwa matingatinga.

Ua wetu na maneno yake

Turejee nyumbani. Pwani yetu nayo ina nyumba za ua. Usam Ghaidan, aliyechapisha utafiti wake kuhusu mji wa Lamu mwaka 1975, anatuonyesha nyumba ya mawe ambayo mgeni huingia kupitia daka, kisha tekani, ndipo akafika kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi. Baada ya kiwanda kuna misana, halafu ndani, chumba cha faragha chenye zidaka ukutani. Upana wa vyumba hufuata urefu wa boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba hivyo ni vyembamba na virefu.

Inafaa kutahadhari hapa. Si kila alichokisema Fathy kuhusu Cairo kinaingia Lamu. Jangwani hewa ni kavu na anga la usiku huipoza nyumba upesi. Pwani hewa imejaa mvuke, usiku haupoi sana, na mwili hutulizwa zaidi na upepo unaoukausha jasho kuliko akiba ya ubaridi. Kwa hiyo wajenzi wa Lamu walitegemea kuta nene za matumbawe, vichochoro vyembamba vyenye kivuli, dari za juu, na pepo za kaskazi na kusi. Funzo la Fathy si kwamba tuige ua wa Misri. Ni kwamba tumsikilize aliyejenga mahali petu kabla hatujaagiza mchoro kutoka kwingine.

Na hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapohusika. Neno kiwanda kwa wengi wetu leo ni mahali pa mitambo. Neno ua, tukiondoa maana ya mmea, kwa wengi limebaki katika tasfida ya kwenda uani. Maana ya kale ikifa, hufa pamoja nayo maelezo ya jinsi nyumba ilivyopumua. Fathy aliwakuta mafundi wa Aswan wakiwa bado hai. Laiti angalichelewa kizazi kimoja au viwili, pengine angalikuta matao yamesimama na hakuna wa kueleza yalivyosimamishwa.

Hitimisho

Maisha ya Hassan Fathy ni ya mtu aliyeona mbali lakini akajikwaa karibu. Alithibitisha kuwa nyumba ya jadi ni sayansi iliyokamilika, ingawa haikuandikwa. Alithibitisha pia, bila kukusudia, kuwa mila hairudishwi kwa kuwapa watu majengo; hurudi pale wenyewe wanapoitaka na kuimudu.

Vyama vyetu vya Kiswahili vimezoea kwenda nyanjani kukusanya ngano, nyimbo na vitendawili, na hilo ni jema. Napendekeza kuwa safari ijayo ya Lamu, Pate au Siyu tuwatafute pia mafundi wazee wa kuta na mapaa, tuwaulize kila kitu kinaitwaje na kinafanya kazi gani, na tuyaandike majibu yao kwa maneno yao wenyewe. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inachohitaji ni kufanywa mapema, wangali nasi.